Cheti cha Mazingira Si Muhuri

Umezuka mtindo mbaya katika baadhi ya ofisi zetu, nao ni ule wa kulihesabu suala la mazingira kuwa karatasi moja zaidi katika jalada. Jalada la mgodi likifika mezani huulizwa kama cheti kimo. Kikiwamo, kalamu hutembea. Haulizwi aliyefanya tathmini kama alifika kijijini, wala kama wanakijiji walielewa walichoambiwa. Huo ni urasimu, na jalada linapohusu makaa ya mawe ya Mbinga, ni urasimu wa hatari.

Tusieleweke vibaya. Makaa ni mali yetu na yachimbwe. Wala hatuna haja ya kuhubiriwa na mataifa yaliyojenga viwanda vyao kwa makaa hayo hayo, na ambayo mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoyabana, yalikuja kuyatafuta Afrika bila haya. Meli zikapakia makaa ya Ruvuma katika bandari ya Mtwara. Lakini unafiki wa wengine haumpi mtumishi wetu ruhusa ya kulala kazini.

Sheria haina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla mradi haujaanza, na hata kabla haujagharimiwa. Inasema pia kwamba leseni iliyotolewa kwa sheria nyingine yoyote haimruhusu mtu kuanza mradi bila cheti cha mazingira. Maana yake ni kwamba mwenye leseni ya madini mkononi, na greda lililokwisha kufika kijijini, bado hana ruhusa. Ni ofisa gani wa wilaya aliye tayari kumwambia hivyo mbele ya watu?

Ugumu wake tunaujua. Kampuni ya Tancoal ilipoanza kuchimba Ngaka mwaka 2011, Shirika la Maendeleo ya Taifa lilikuwa na hisa asilimia 30 katika ubia huo. Katika mradi wa namna hiyo Serikali ni mbia, ni mtoa leseni, na kwa kupitia NEMC ni mkaguzi. Zaidi ya hayo, mtaalamu anayeandika ripoti ya tathmini, ingawa amesajiliwa, hulipwa na mwenye mradi. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Hatusemi kwamba kila ripoti ni ya uongo. Tunasema kwamba mahali penye mbia na mkaguzi wa nyumba moja, ukaguzi hauna budi kuwa mkali zaidi, kwa sababu mali inayohatarishwa ni ya umma na jina litakaloharibika ni la umma.

Na kinachohatarishwa ni nini? Makaa yana salfa. Mwamba uliofukuliwa ukipigwa na hewa na mvua, salfa hiyo yaweza kugeuka tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali zilizomo mwambani na kuzipeleka mtoni. Maji ya bonde la Ngaka huteremkia mto Ruhuhu, na Ruhuhu humwaga katika Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi na aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Maji yake mengi hutoka kwa kukaushwa na jua, na sehemu ndogo tu hutoka kwa mto Shire. Kwa hiyo uchafu unaoingia leo hauna njia ya haraka ya kutokea. Mvuvi wa usipa wa Lituhi au Liuli hana hisa katika mgodi wowote, wala Malawi na Msumbiji hazikutia saini leseni zetu.

Kule milimani Wamatengo hawakungoja kanuni. Kwa vizazi vingi wamechimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yaliyozungushiwa kuta za udongo uliofukiwa majani, ili mvua isiondoke na shamba. Watu wenye elimu hiyo wanajua mengi juu ya maji ya milima yao, na mtaalamu anayekaa kijijini siku mbili bila kuwauliza anajinyima mwenyewe.

Lakini watasemaje, ikiwa ripoti ni kitabu kinene cha Kiingereza? Hata pale panapokuwa na muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache haziwezi kubeba habari ya maji, vumbi, fidia na makaburi. Karatasi ya mahudhurio yenye saini mia mbili haithibitishi kwamba watu wameridhia. Inathibitisha kwamba walikuwapo, na pengine kwamba walipewa soda. Ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Moatize, Msumbiji, karatasi zilikuwapo pia. Wananchi waliohamishiwa Cateme kupisha mgodi wa makaa wa kampuni ya Vale waliona ahadi za nyumba na mashamba hazitimii, na Januari 2012 wakaifunga reli ya makaa. Ingefaa wangesikilizwa mapema.

Basi, ndugu mtumishi, kabla ya kusaini dai ripoti nzima kwa Kiswahili, na uipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji wiki kadhaa kabla ya maoni kuchukuliwa, siyo asubuhi ile ile. Dai vipimo vya maji ya mto vilivyochukuliwa kabla ya shimo la kwanza, maana bila hivyo hakuna atakayethibitisha lolote baadaye. Nawe mwalimu wa sekondari, ambaye mara nyingi ndiwe pekee kijijini unayeweza kuisoma ripoti hiyo, iombe kwa mtendaji. Akikwambia ni ya siri, mwulize ni sheria gani iliyoifanya siri, na umwombe akujibu kwa maandishi.