Inashuka Polepole, Kwa Hiyo Tumeizoea

Nasomea ualimu wa fizikia. Nilipokwenda field nilipangiwa shule yenye karakana ya magari, na humo mna lifti ya haidroliki ya kuinulia gari. Siku ya kwanza tu mwanafunzi mmoja akanitahadharisha: "Ticha, hii ukiipandisha usizubae chini yake. Huwa inashuka." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Wiki ya pili kijana mmoja alikaa kwenye kigoda chini ya gari, anafungua breki za nyuma. Alipoinuka akagonga kichwa kwenye chuma ambacho alipokaa kilikuwa juu kabisa. Alipata nundu tu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Maoni yangu ni haya: ubovu wa taratibu unaweza kuwa mbaya kuliko wa ghafla, kwa sababu tunauzoea. Lifti ingeanguka kwa kishindo, ingefungiwa siku hiyohiyo. Hii ilitungiwa utani badala ya kuitiwa fundi. Tena makufuli ya chuma, yale yanayotakiwa kushika mzigo hata presha ikiisha, yalikuwa yamefungwa kwa waya yasifanye kazi, eti yanachelewesha kushusha.

Wengine wakasema hela hakuna, hii inataka pampu mpya. Fundi wa karakana, mzee mpole, hakubishana. "Kupandisha si inapandisha? Inachoshindwa ni kushikilia," alisema. Maana yake oili inatoroka: ama inavuja nje, ama inarudi kwenye tangi.

Tukapangusa mipira na maungio yote. Akapandisha lifti, akazuia mtu yeyote kusogea, akachora mstari wa chaki kwenye nguzo. Nusu saa baadaye mkono wa lifti umeshuka, lakini maungio bado makavu. Akapandisha tena, akafunga koki iliyo kati ya pampu na silinda. Sasa haikushuka. Ingeendelea kushuka, tungeanza na sili za pistoni. Iliposimama, tukajua tatizo liko upande wa pampu. Akaishusha mpaka chini, presha ikaisha, ndipo akafungua valvu ya kushushia. Kumbe ilikuwa na uchafu, haizibi sawasawa, na oili imekuwa nyeusi. Tukasafisha, tukabadilisha oili, tukakata ule waya wa makufuli. Pampu mpya haikuhitajika.

Kilichoniuma ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimefundisha kanuni ya Pascal: pistoni moja sentimita za mraba 2, nyingine 40, nguvu inaongezeka mara 20. Wanafunzi walipata vema zote. Lakini si wao wala mimi tuliyewaza kuitumia kuuliza oili inapita wapi.

Wenzangu wa ualimu, tunafundishwa kuandaa somo ambalo kila kitu kinafanya kazi. Naomba idara zetu zituwekee pia vifaa vibovu kwenye maabara, tutafute kasoro hatua kwa hatua, tukibadilisha kitu kimoja kila mara. Na ukikuta kifaa cha hivyo shuleni, usisubiri upate cheo. Andika "HAITUMIKI" kwenye karatasi, bandika, kisha mwite fundi. Mimi nilichelewa wiki mbili, na aliyelipia ni mtoto wa watu.