Kundi la WhatsApp ni mali ya nani?

KASORO BAHARI
Na Asumini Kobelo

Mazao ya Uluguru siku hizi huanza kuuzwa yakiwa bado mlimani. Karoti za Nyandira hazijaoshwa, picha yake imeshafika kwa mnunuzi wa Ilala. Ndizi za Kinole ziko mgombani, na mtu wa Mbagala ameshauliza bei ya mkungu. Kampuni za matangazo za Dar es Salaam zina programu zao za kulipia za kugawana kazi, Slack na nyinginezo. Vikundi vyetu vya wakulima vya Mgeta, Matombo na Mkuyuni vina kundi la WhatsApp. Humo ndimo oda inamoingia, kanta inamotafutwa, bei inamopangwa na ugomvi unamoamuliwa.

Nalifurahia jambo hili kwa moyo wote. Zamani mkulima wa Mgeta aliisikia bei kwa yule yule aliyekuja kununua. Dalali akisema kabichi zimefurika mjini, utambishia kwa lipi? Leo mwanakikundi aliyeko Soko Kuu la Chifu Kingalu anatuma sauti ya nusu dakika, na walioko Langali wanaijua bei kabla gari halijapakia. Hata lumbesa, ugonjwa sugu ambao Wakala wa Vipimo umepigana nao miaka na miaka, inaweza kupata mpinzani: wakulima wakikubaliana wote kwamba gunia halijazwi kupita mdomo wake, mnunuzi hatapata jirani wa kumkimbilia.

Kwa hiyo chombo kinafaa, hilo sina ubishi nalo. Ninachouliza ni kundi lenyewe ni mali ya nani.

Mara nyingi ni la kijana mmoja, mtoto wa mwanakikundi, mwenye simu nzuri kuliko wengine. Alilifungua kwa laini yake. Ukurasa wa Instagram aliufungua kwa barua pepe yake, na namba inayopigiwa kwa oda ni hiyo hiyo anayoongea na rafiki zake. Wanunuzi wamo kwenye simu yake kwa majina anayoyaelewa yeye tu. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivi. Lakini akipata kazi Dodoma, au akaolewa Ifakara, au simu ikatumbukia mtoni, soko la kikundi kizima linaondoka naye. Wala yeye hana kosa. Tumemfanya afisa masoko, katibu na mtunza kumbukumbu kwa mkupuo, na hata bando hatumnunulii.

Kinachoniuma ni kwamba ulinzi tunaujua. Akina mama wa vikundi hivi hivi wanaweka akiba zao za hisa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Mwambie mmoja wao kwamba wiki hii funguo zote zilale kwa mtu mmoja, uone kikao kitakavyochafuka. Orodha ya wanunuzi inayoleta fedha msimu hadi msimu imelala kwa mtu mmoja, na hakuna anayekohoa.

Kuigawa si kazi ngumu. WhatsApp inaruhusu admini wengi, basi wawe watatu, na wabadilike pamoja na uongozi. Laini ya oda iwe ya kikundi, na simu yake ikabidhiwe kwa maandishi kama mzani unavyokabidhiwa. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakubali akaunti moja kuunganishwa na vifaa vingine, hivyo katibu anaweza kuisoma oda ile ile aliyoiona muuzaji. Jirani zetu wa Chambezi, Bagamoyo, walishatuonyesha njia mwaka 2011 katika mradi wa Sauti ya Wakulima: wakulima walipokezana simu chache, wakarekodi picha na sauti za mashamba yao na kuzikusanya mahali pamoja mtandaoni. Simu ilikuwa ya zamu. Naona hilo lilikuwa muhimu kuliko simu yenyewe.

Halafu kuna daftari, na hapa nasisitiza. Makubaliano yanayofanyika ndani ya kundi hufunikwa kabla ya jioni na salamu, picha za harusi, video za mahubiri na matangazo ya misiba. Baada ya wiki tatu watu wanagombana: tulisema gunia kwa bei gani, na nani aliahidi kupeleka? Aliyeingia kikundini jana hana hata pa kuanzia kusoma. Katibu aandike kwenye kauntabuku tarehe, mnunuzi, kiasi, bei, kilicholipwa na anayepeleka, kisha apige picha ukurasa na kuurusha kwenye kundi kila Jumamosi. Na namba za wanunuzi ziandikwe kwa kalamu. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika duniani kote kwa saa kama sita. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwetu na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Kabichi iliyokwisha kukatwa haijui habari hizo. Wakubwa nao hawajasalimika: Workplace, chombo ambacho Facebook ilikizindua mwaka 2016 ili wafanyakazi wa kampuni washirikiane, kilitangazwa Mei 2024 kwamba kitafungwa, na kampuni zilizokitumia zikaambiwa zihamishe vitu vyao. Kampuni zina mafundi wa kuhamisha. Sisi tuna kauntabuku.

Yupo pia asiyekuwamo kabisa. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na wengi wa mabibi wenye mashamba wana kitochi. Bei inapangwa usiku kwenye kundi, vijana wanaitikia kwa vidole gumba, na mwenye shamba anaipata asubuhi kama amri. Huo siuiti uamuzi wa kikundi. Ujumbe mfupi wa maandishi unafika kwenye kitochi, na asiyesoma anapigiwa simu. Mpaka wenye vitochi wote wamejibu, bei iitwe pendekezo, na oda kubwa isubiri kikao.

Maafisa ushirika na maendeleo ya jamii wa Mvomero na Morogoro Vijijini wanapokagua kikundi huomba katiba, daftari la fedha na majina ya watia saini benki. Waongeze karatasi moja: majina ya admini, namba ya laini ya oda na jina iliyosajiliwa nalo, na anayeshika nywila ya ukurasa. Kikundi kisichoweza kuijaza karatasi hiyo kisaidiwe kabla ya kukopeshwa.