Kamera ya mtumba inunuliwe kwa hesabu, si kwa macho

Kila baada ya mavuno fedha huingia vijijini kwa muda mfupi na kutoka haraka. Mkulima akishauza mahindi, mpunga au korosho, akalipa madeni ya pembejeo na ada za watoto, kinachobaki hutafutiwa mradi. Msimu huo huo ndio wa harusi, na ndipo kijana wa nyumbani anapokuja na hoja yake: anataka mtaji wa kununua kamera kubwa ili apige picha za sherehe.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Picha za harusi, mahafali, ubatizo na vitambulisho ni biashara halali inayowalisha vijana wengi, mijini na kwenye vituo vidogo vya biashara. Wasiwasi wetu ni namna mashine yenyewe inavyonunuliwa. Wengi huangalia mambo mawili tu, yaani idadi ya megapikseli na jinsi ganda linavyong'aa. Mkulima huyo huyo akienda kununua trekta lililotumika, swali lake la kwanza ni limefanya kazi saa ngapi. Kamera nayo ni mtambo wa kazi, na inastahili swali hilo hilo.

Kwanza ni vyema ikaeleweka kwa nini kamera hizi zimeshuka bei. Mwaka 2018 kampuni za Canon na Nikon, zote za Japani, zilitoa kamera za fuli-fremu za aina mpya zisizo na kioo cha ndani. Wapiga picha wengi duniani wakahamia huko na kuuza zile za DSLR walizokuwa nazo. Ndiyo maana leo mtu wa kipato cha kati anaweza kuifikiria kamera iliyokuwa ya matajiri, kama Nikon D810 ya mwaka 2014 yenye megapikseli 36.3, Canon 5DS ya mwaka 2015 yenye megapikseli 50.6, au Nikon D850 ya mwaka 2017 yenye megapikseli 45.7.

Kamera hizo huitwa fuli-fremu kwa sababu kihisi chake, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga, kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani. Faida yake kwa mpiga picha za harusi ni ya kweli. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo picha za ukumbini usiku hutoka safi kuliko zile za kamera yenye kihisi kidogo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ndani ya kila DSLR kuna pazia dogo linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza. Mafundi huliita shata, na ndilo linalochakaa kwa kazi. Shata la Nikon D810 na la D850 lilijaribiwa kiwandani kwa mibonyezo 200,000, na la Canon 5DS kwa mibonyezo 150,000. Namba hizo si siku ya kifo, kwani shata linaweza kufa mapema au kudumu zaidi, na fundi anaweza kuliweka jipya kwa gharama. Hata hivyo, zinatupa kipimo cha kulinganishia bei.

Tuchukue mfano. Kamera mbili za aina moja, zenye shata la mibonyezo 200,000, zinauzwa. Ya kwanza ni shilingi 2,400,000 na imeshabonyezwa mara 120,000. Ya pili ni shilingi 2,800,000 na imebonyezwa mara 40,000. Kwa macho, ya kwanza ndiyo rahisi. Kwa hesabu, ya kwanza imebakiwa na mibonyezo 80,000, hivyo kila mbonyezo unagharimu shilingi 30. Ya pili imebakiwa na mibonyezo 160,000, na kila mbonyezo unagharimu shilingi 17.50.

Harusi moja ikichukua mibonyezo 1,500, kamera ya kwanza inakula shilingi 45,000 za mtaji kila harusi, na ya pili shilingi 26,250. Ile tofauti ya shilingi 400,000 iliyoonekana kubwa dukani inarudi baada ya harusi kama 22. Kamera ya kwanza ina harusi 53 mbele yake, ya pili ina 106. Rahisi ndiyo iliyo ghali, na hiyo shilingi 45,000 au 26,250 lazima iingizwe katika bei anayotozwa mteja, la sivyo kijana atakuwa anauza mtambo wake kidogo kidogo huku akidhani anapata faida.

Idadi ya mibonyezo hujulikana vipi? Nikon huiandika ndani ya faili la picha, na zipo programu za bure za kompyuta zinazoisoma. Canon nyingi haziandiki kwenye picha, hivyo kamera huunganishwa na kompyuta kwa waya na kusomwa kwa programu maalumu. Muuzaji anayekataa kabisa jambo hilo amekwishakujibu.

Pili, tuangalie megapikseli zenyewe. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji megapikseli 8.7 tu. Ya A3 huhitaji takriban 17.4. Maana yake ni kwamba Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, yenye megapikseli 21.1, inatosha kwa albamu ya kawaida na picha ya ukutani sebuleni. Hata bango la barabarani halihitaji megapikseli 50, kwa kuwa hutazamwa kutoka mbali.

Megapikseli nyingi zina kazi yake. Humfaa anayepiga picha za vitambaa na bidhaa kwa ajili ya wachapaji, anayenakili ramani na nyaraka za zamani, au anayekata sehemu ndogo ya picha kubwa na kuiuza. Kama mteja wako anataka picha ya kutuma kwenye simu na albamu ya kurasa ishirini, usilipie uwezo ambao hakuna atakayekulipa kwa kuutumia.

Tatu, kuna gharama zinazokuja nyuma ya kamera. Picha ghafi moja ya D850 hufikia karibu MB 50. Harusi ya mibonyezo 1,500 inajaza GB 75, na diski ya TB 1 hujaa baada ya harusi 13, bila kuhesabu nakala ya pili ya tahadhari. Kompyuta iliyokuwa ikifungua picha za kamera ndogo kwa wepesi inaweza kuzidiwa. Megapikseli nyingi pia huumbua lenzi dhaifu na mkono unaotikisika.

Hapo kwenye lenzi ndipo wengi wanaponasa. Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S, zinazouzwa pamoja na kamera ndogo, hazifungi kabisa kwenye fuli-fremu ya Canon. Lenzi za Nikon zenye alama ya DX zinafunga, lakini hutumia sehemu ya kati tu ya kihisi, na D850 ya megapikseli 45.7 hubaki na 19.4. Anayemaliza fedha zote kwenye kamera atajikuta na trekta lisilo na jembe. Ushauri wetu ni kwamba bajeti igawanywe, na kama lazima kitu kipungue, upungue ukubwa wa kamera. Lenzi nzuri huishi kuliko kamera, tena lenzi nyingi za Canon na Nikon za fuli-fremu zinaweza kutumika kwenye kamera mpya zisizo na kioo kwa kuwekewa kiungo maalumu.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afanye ukaguzi mwangani. Apige picha ya ukuta mweupe akiwa amebana tundu la lenzi hadi f/16, kisha aikuze, kwani madoa ya vumbi na mafuta yataonekana. Aimulike lenzi kwa tochi akitafuta nyuzi za ukungu, hasa kwa mashine zilizokaa pwani kwenye unyevu na chumvi. Aangalie vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa na bisibisi, na sehemu za betri na memori kadi kama zina kutu. Ajaribu kila kitufe, na flashi kama itauzwa pamoja.

Aulize pia historia ya aina anayonunua. Canon 5D ya mwaka 2005 ilijulikana kwa kioo chake kuachia gundi. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilitia madoa kwenye kihisi kiasi kwamba mwaka 2014 kampuni ilijitolea kubadilisha mashata bure. Kamera iliyorekebishwa wakati ule si mbaya, ila mnunuzi ana haki ya kujua.

Aidha, kamera ina namba yake kama pikipiki ilivyo na namba ya chesesi. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Kununua mali ya wizi ni kosa, na kamera ya bei ya kutupa inayouzwa uchochoroni bila chaja wala karatasi inaweza kumgharimu mtu mtaji na uhuru wake.

Wapo watakaosema kwamba kamera ndogo mpya yenye dhamana ni salama zaidi. Kwa anayeanza, hasa anayepiga mchana na picha za vitambulisho, tunakubaliana nao. Fuli-fremu ya mtumba ni ya yule ambaye tayari ana wateja wa usiku na kazi ya kuilipa.

Kwa wafanyabiashara wanaouza kamera hizi tunatoa rai: andikeni idadi ya mibonyezo kwenye lebo ya bei, na mpeni mteja siku chache za kujaribu. Duka litakalotangulia kufanya hivyo litapata imani ya wateja, na imani katika mitumba ni mtaji.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa, mwanachama anapoomba mkopo wa kamera aombwe kwanza karatasi moja yenye mambo manne: mibonyezo iliyobaki, gharama ya kila harusi, bei ya lenzi na diski, na idadi ya kazi alizokwisha kuahidiwa. Asiyeweza kuijaza bado hajawa tayari kukopa. Fedha za mavuno huja mara moja kwa mwaka, na kosa la siku moja dukani husubiri msimu mzima kusahihishwa.