Sarakasi Haijakunja Hema

Mwaka 1930 sarakasi ya Ringling Brothers na Barnum & Bailey, kubwa kuliko zote Marekani, ilivuta umati kwa kuonyesha wanawake wa Kisara wenye visahani midomoni. Kwao ni kusini mwa Chad. Lakini mtangazaji wa kampuni, Roland Butler, alipekua ramani ya Afrika akitafuta jina la kuvutia, akakuta Ubangi, mto wa huku kwetu Kongo, akawabandika. Mtu ananyang'anywa hata kwao ili tiketi iuzike!

P. T. Barnum mwenyewe alianza maonyesho mwaka 1835 kwa kumzungusha Joice Heth, mama mweusi, mtumwa, kipofu, akidai ana miaka 161 na ndiye aliyemlea George Washington. Alipokufa mwaka uliofuata, Barnum aliuza tiketi watu watazame maiti yake ikipasuliwa. Na bado kuna wanaomsifu kwa werevu.

Watu wa nchi yetu nao walibebwa. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner alimpeleka kijana Ota Benga kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani; inasimuliwa kwamba alimnunua kwa chumvi na kitambaa. Mwaka 1905 mwindaji Mwingereza James Harrison aliwatoa Bambuti sita, jirani zetu wa msituni, huko Ituri, akawapandisha jukwaani Hippodrome ya London, kisha wakazungushwa Uingereza zaidi ya miaka miwili. Ota Benga yeye mwaka 1906 aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Wachungaji weusi, James Gordon mbele yao, walipiga kelele mpaka akatolewa. Machi 1916, huko Lynchburg, alijipiga risasi. Wenye bustani waliomba radhi mwaka 2020. Miaka 114 tangu wamweke pale!

Msiniambie hayo ni ya wazungu wa zamani. Hapa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mgeni mwenye kamera akishuka tu kwenye jeep, wa kwanza kuitwa kucheza ni Mbuti. Anapewa sigara, chumvi (tena chumvi!) na franka chache, aliyemleta mgeni anatia dola mfukoni. Na huyo si mzungu. Ni mtoto wa hapa hapa, Mnande kama mimi, anayejigamba mbele ya wageni, "Hawa ni Bambuti wangu." Wako kwa hati gani? Ulimzaa nani pale?

Watasema: wanapenda kucheza. Ndiyo, wanapenda, na ngoma ni yao. Basi na bei iwe yao, na haki ya kukataa iwe yao.

Viongozi wetu, acheni kuangalia pembeni. Anayeleta wageni aandikiane na Bambuti wenyewe mbele ya mashahidi, na pesa ifike mikononi mwao kabla ngoma haijapigwa. Asiyetaka ageuze gari lake, arudi Beni.