NYUMBA YA IBADA ISIWE MZIGO WA MASKINI

Mara nyingi katika Shinyanga, Kahama na Geita waumini hukutana baada ya ibada wakaulizana: tununue jengo, tujenge letu, au tuendelee kupanga ukumbi? Wako wasemao kwamba hilo ni shauri la maaskofu na wachungaji. Sisi twaona sivyo. Mlipaji wake ni mkulima wa pamba, mchimbaji mdogo, karani na mama muuza ndizi; basi ni shauri la wafanyakazi, nasi hatuna budi kulisemea.

Wazee wetu hawakusumbuliwa sana na swali hilo. Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, na wamisionari wa Maryknoll wa Marekani walipofanya kazi Shinyanga katika miaka ya 1950, fedha nyingi zilitoka ng'ambo, na jasho la kubeba matofali likatoka kwetu. Hatuwabezi, wengi wetu tulijifunza kusoma chini ya mapaa yale. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na zama za kungoja meli ya mfadhili zimepita.

Siku hizi wengine washauri kwamba tukope benki tuingie upesi. Hoja yao ina uzito. Kodi ya ukumbi haimwachii mpangaji hata tofali moja, na bei ya saruji haimngoji mtu. Tena makanisa yenyewe yameanzisha benki: Mkombozi mwaka 2009 na Maendeleo mwaka 2013. Kukopa, basi, si dhambi.

Lakini na tupige hesabu. Tuseme usharika wa kaya 200 umekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza pekee, deni likiwa halijapungua, yakaribia shilingi milioni 9 na laki 6, yaani shilingi 48,000 kwa kila kaya kabla ya kurudisha hata senti moja ya mkopo wenyewe. Naye mkulima apanda pamba mwezi wa Novemba au Desemba, asione fedha mpaka soko lifunguliwe, kwa kawaida mwezi wa Mei. Benki yadai kila mwezi. Mchimbaji leo apata, kesho duara ni tupu. Hata mshahara wa mgodi mkubwa una mwisho: Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Deni la miaka ishirini lingeuzidi umri mgodi huo.

Twashauri hivi. Kwanza, ardhi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kinachonunuliwa ni haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hati iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, isiandikwe kwa jina la mchungaji wala la mfadhili. Wachungaji huhama na hufa, na warithi wao hawalazimiki kukumbuka nani alichanga.

Pili, jengo lipande kwa kadiri ya mavuno: msimu huu msingi, msimu ujao kuta, kisha paa, na kila hatua imalizwe kwa fedha iliyomo mkononi. Usukumani jambo hili si geni. Vijana chini ya nsumba ntale walikwenda shamba hadi shamba wakilima kwa pamoja, na kazi iliyomshinda mmoja ikaisha kwa siku moja. Asiye na shilingi na alete debe la mahindi, au siku mbili za kuchota mchanga, na vyote viandikwe daftarini sawasawa na noti ya tajiri.

Tatu, mchango usigeuzwe kodi. Mjane aliyekosa kulipa asinyimwe maziko ya mumewe, wala mtoto wake asinyimwe ubatizo, kwa sababu kadi yake haina mhuri. Nyumba iliyojengwa kwa kumwaibisha maskini ina ufa ambao fundi hawezi kuuziba.

Nne, twasema na wanachama wenzetu bila kuficha. Wako wanaosubiri majira ya uchaguzi wapate kuitwa wageni rasmi wa changizo, wakatangaza mabati mbele ya kipaza sauti, na kura zikiisha kuhesabiwa mabati hayaonekani. Mwenye kutoa na atoe kama muumini, fedha taslimu, apewe stakabadhi, arudi kuketi kwenye benchi pamoja na wenziwe. Mimbari si jukwaa la kampeni, na kanisa lililokwisha kununuliwa kwa mabati halina tena sauti ya kumkemea mnunuzi.

Mwisho, hesabu zisomwe mbele ya wote kila robo mwaka, mapato na matumizi, hata bei ya msumari. Kamati isiyotaka kuulizwa haifai kushika mfuko.

Huenda njia hii ikachukua miaka saba au kumi, na wakati huo mvua itawanyeshea waumini chini ya turubai. Wavumilie. Siku paa litakapofungwa, hakuna dalali atakayekuja kulipigia mnada, na yule mama wa ndizi ataingia kwa mlango wa mbele akijua lipi ni tofali lake.