Uwanja wa Mji na Hati Yake

Huenda mkaaji wa Adams Arcade, Barabara ya Ngong, akaonyeshwa uwanja wa wazi pamoja na hati yake, akahimizwa alete fedha upesi. Asiharakishe, kwanza aiangalie ramani ya mji. Kwa Katiba ya mwaka 2010, ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti ni amana ya wakaaji, wala haitolewi ila kwa sheria ya Bunge. Sheria ya Ardhi ya 2012 yaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi itangaze kabla ya kuigawa.

Je, hati haitoshi? Kampuni ya Dina Management ilinunua kiwanja Mombasa, karibu na ufuo, kwa mwenye hati. Kaunti ikaubomoa ukuta wake. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahali pale palikuwa uwanja wa umma tangu awali, na hati ya mnunuzi haikumkinga.