Taarifa za Serikali zimfikie mkulima kabla lori halijafika mpakani

Ijumaa ya Machi 5, mwaka 2021, mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula, AFA, iliiandikia barua idara ya forodha ya nchi hiyo ikiagiza kusitishwa mara moja kwa uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ni kwamba uchunguzi ulionyesha mahindi hayo yana sumu ya kuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa.

Barua hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wakulima wala wafanyabiashara. Ilikuwa ya ofisa kwenda kwa ofisa mwenzake, kama zilivyo barua nyingi za kiserikali. Lakini picha yake ilisambaa kwenye simu za watu wa pande zote mbili za mpaka, na kwa wengi waliokuwa na mzigo njiani, picha hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo.

Jumatano iliyofuata, Machi 10, Wizara ya Kilimo ya Kenya iliondoa zuio hilo na kuweka masharti. Waagizaji walitakiwa kusajiliwa, na kila shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Kwa mtu wa ofisini siku tano si kitu. Kwa mfanyabiashara wa mahindi ni suala jingine kabisa. Lori la tani 30 hubeba magunia 300 ya kilo 100, na mara nyingi mzigo huo umenunuliwa kwa fedha za mkopo au umechukuliwa kwa mali kauli. Dereva na utingo wanahitaji kula, mwenye gari anadai fedha ya kila siku ambayo gari limelala, na mahindi yaliyofunikwa turubai kwenye jua na mvua za Machi yanazidi kupata unyevu. Unyevu na joto ndivyo vinavyokuza kuvu. Mzigo uliokuwa safi ulipopakiwa unaweza kuharibikia kwenye foleni ya kusubiri kuthibitishwa kuwa ni safi.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haitokei mpakani bali vijijini. Dalali anafika kwa mkulima na maneno mawili tu, "mpaka umefungwa", na bei ya gunia inashuka hapo hapo. Mkulima hana mahali pa kuhakikisha. Hajui kama zuio ni la wiki moja au la msimu mzima, wala kama linahusu mahindi yote au yale yasiyopimwa. Anauza, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Zuio likiondolewa, anayejua kwanza ni yule yule dalali, na hakuna aliyewahi kumwona dalali akikimbilia kijijini kuwaambia wakulima kwamba sasa bei imepanda.

Ndiyo maana taarifa za Serikali zinapaswa kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya soko, sawa na barabara na mizani. Zikichelewa au zikifika nusu, fedha hutoka mfuko mmoja na kuingia mwingine bila mtu kuvunja sheria yoyote.

Hapa hakuna anayesema kwamba sumukuvu ni jambo la kupuuzwa. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 watu karibu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Serikali inayozuia chakula chenye sumu inafanya kazi yake. Linalohojiwa ni namna uamuzi unavyotangazwa, na nani anafikiriwa wakati tarehe ya kuanza kutumika inapopangwa.

Katika taasisi nyingi za umma, ofisa habari ndiye mtu wa mwisho kuitwa. Uamuzi unafanyika, barua inasainiwa, nakala inavuja, simu za waandishi zinaanza kulia, ndipo anaambiwa aandike kitu. Kwa wakati huo hana la kupanga, anazima moto tu. Angekuwa ndani ya chumba mapema angeuliza swali ambalo wataalamu wa kilimo na wa forodha huenda wasilifikirie: malori yaliyokwisha kupakiwa yatafanyiwa nini?

Swali hilo moja lingebadilisha barua ya Machi 2021. Wapo watakaosema kwamba uamuzi wa afya ya jamii hauwezi kutangazwa mwezi mmoja kabla, na ni kweli. Lakini hata zuio la ghafla linaweza kueleza mzigo ulioko njiani upimwe wapi, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Mambo hayo yaliachwa yajulikane polepole. Habari kwamba zuio limeondolewa ilikwenda mbio kuliko masharti yaliyoambatana nalo, na Mei mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kuagiza suala la mahindi yaliyokwama upande wa Taveta na Holili limalizwe ndani ya wiki mbili. Jambo la cheti na maabara lilisubiri marais wawili wakutane.

Upande wa Tanzania nao ulikuwa na wajibu, ingawa uamuzi haukuwa wake. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na zinatosha kabisa. Mfano: "Mahindi ya kwenda Kenya: kuanzia Jumatatu 8/3 lori halipiti Namanga bila cheti cha sumukuvu. Usipakie kabla ya kupima. Maswali piga bure namba hii saa 24." Na kama siku hiyo Serikali yenyewe haijui bado, iseme kwamba haijui na kwamba itatoa taarifa nyingine saa kumi jioni. Mfanyabiashara anaweza kupanga kwa kutumia hilo. Ukimya ndio asioweza kuupangia.

Mifano mizuri ipo, tena hapa nyumbani. Tangu mwaka 2009 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, imekuwa ikitangaza bei kikomo za mafuta, na siku yake inajulikana: Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwenye trekta, mwenye pampu ya umwagiliaji na mwenye bodaboda wote wanajua siku ya kusikiliza redio. Bei hizo hutolewa kwenye magazeti, na asiye na intaneti anaweza kuzipata kwa simu ya kitochi kwa kupiga *152*00#. Zaidi ya yote, kituo cha mafuta kinatakiwa kubandika bei kwenye bango linaloonekana, mahali pale pale fedha zinapotolewa.

Watu wanaweza kulalamikia bei yenyewe, na wanalalamika sana, lakini ni vigumu kumkuta mtu anayesema hakujua. Hiyo ndiyo tofauti ya taarifa iliyopangwa. Ina siku yake, ina njia zaidi ya moja, na haimtegemei msomaji kuwa na simu ya gharama.

Mfano mwingine ni wa mifuko ya plastiki. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 9, mwaka 2019 kwamba matumizi yake yangekoma Juni 1. Muuza nyanya alikuwa na wiki saba za kumaliza mifuko aliyokuwa nayo na kutafuta mbadala. Kwa kiwango kikubwa katazo lilishika, na muda huo wa kujiandaa ulisaidia sana.

Lakini hata pale palikuwa na tundu. Katazo lilihusu mifuko ya kubebea, si vifungashio vya bidhaa, na tofauti hiyo haikuelezwa kwa lugha ya sokoni. Kwa mama anayepima dagaa, kifuko ni kifuko. Vifungashio vyepesi vikaanza kutumika kubebea bidhaa, na mwaka 2021 Serikali ikalazimika kutoa agizo jingine la kuvipiga marufuku kwa matumizi hayo. Neno moja lisiloeleweka liligharimu miaka miwili ya kukimbizana na wafanyabiashara wadogo.

Lugha ni tatizo pia katika utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Taarifa hutoka mapema na kwa Kiswahili, jambo la kupongezwa. Lakini mkulima wa Same anayesikia kwamba mvua zitakuwa "za wastani hadi chini ya wastani" bado anauliza swali lile lile: apande mahindi ya muda mfupi au apande mtama? Ushauri wa wataalamu wa kilimo huwa umo ndani ya taarifa hiyo hiyo, mbele zaidi. Vyombo vya habari hunukuu mistari ya mwanzo na kuishia hapo. Anayeiandika akijua hivyo angeanza na mbegu.

Sasa taasisi nyingi zimehamia kwenye mitandao ya kijamii, na zipo zinazodhani kwamba kufungua ukurasa ndiko kuwasiliana. Kurasa hizo zimejaa picha za viongozi wakikata utepe, wakipeana mikono na wakitakiana heri za sikukuu. Mtu akiuliza chini ya picha hiyo mbolea ya ruzuku imefika lini wilayani kwake, hajibiwi. Swali linakaa pale wiki nzima, likisomwa na wengine wenye swali kama hilo, na kila anayelisoma anaondoka na jibu: hapa hawajibu.

Thamani ya mitandao hii iko katika kujibu na katika kukanusha haraka. Watu wa mazao hupata habari kwenye makundi ya WhatsApp, ambako barua ya kweli na ya kughushi zinafanana, zote zina nembo na mhuri. Taasisi makini ingekuwa na mahali pamoja panapojulikana pa kuhakiki, na watu wa kujibu "hii ni yetu" au "hii si yetu" ndani ya saa moja. Ingetoa pia ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa sababu wapo wakulima wengi wanaosikiliza simu kuliko wanaoisoma, na sauti husambazwa kwenye makundi kwa urahisi kuliko barua ya kurasa mbili.

Kutegemea mtandao mmoja ni hatari nyingine. Aprili 17, mwaka 2025, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alitumia mtandao wa X kueleza kwamba Tanzania ingezuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini iwapo nchi hizo hazingelegeza vikwazo vyao kwa mazao ya Tanzania. Wiki iliyofuata zuio likaanza, na siku chache baadaye likaondolewa. Kwa kipimo cha barua ya Namanga, lile lilikuwa tangazo zuri zaidi: lilikuwa na sababu na lilitoa muda. Lakini muuza mchele wa Kyela na mwenye ndizi wa Rungwe, ambao mpaka wa Kasumulu ndio soko lao, wengi wao hawako X. Walisubiri mtu awapigie picha ujumbe na kuwatumia. Mwezi mmoja baadaye, Mei 2025, mtandao huo ulizuiwa nchini, na yeyote aliyekuwa ameufanya kuwa ubao wake wa matangazo akabaki bila ubao.

Njia za kumfikia mkulima moja kwa moja hazihitaji kubuniwa upya. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya Agosti 8, mwaka 2022 iliwataka wakulima kujiandikisha vijijini, na aliyeandikishwa alipewa namba ya kununulia mbolea. Daftari lile lina majina, vijiji na namba za simu. Linajua nani analima mahindi na wapi. Daftari linaloweza kumwambia mkulima bei ya mfuko wa DAP linaweza pia kumwambia kwamba mpaka uko wazi na gunia lake bado lina soko, alimradi ahadi iliyotolewa wakati wa kuandikisha iheshimiwe na namba hizo zisigeuzwe kuwa mali ya kampeni za watu.

Redio za jamii nazo zipo, na ofisa mtendaji wa kijiji ana ubao nje ya ofisi. Ubao huo mara nyingi una tangazo la chanjo la mwaka juzi. Kubandika karatasi mpya kunahitaji pini nne.

Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa taasisi ya umma hadi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Ni sheria nzuri kwa mtafiti na kwa mwandishi. Kwa mwenye lori, siku 30 ni mzigo uliooza.

Jambo la kuanza nalo halina gharama kubwa, nalo ni zamu. Ofisi za Serikali hufungwa saa 9:30 alasiri na hazifunguliwi mwisho wa wiki, wakati mpaka wa Namanga unafanya kazi usiku na mchana. Barua ya 2021 iliandikwa Ijumaa. Lori linaloondoka soko la Kibaigwa Ijumaa jioni linakuwa Namanga Jumamosi, na dereva anayepiga simu kuuliza kama apite au ageuze anahitaji mtu wa kupokea Jumamosi hiyo hiyo, si Jumatatu saa mbili asubuhi.